Kushika, Kukomaa na Kukauka: Istilahi za Sakafu ya Saruji na za Upimaji wa Unyevu Wake

Utangulizi

Katika maelekezo ya ujenzi yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili huonekana mara kwa mara sentensi ya namna hii: "Sakafu ikishamwagwa iachwe ikauke kwa muda wa siku saba." Msomaji wa kawaida haoni kosa lolote ndani yake. Sarufi yake ni safi, na maneno yake yote ni ya Kiswahili fasaha. Hata hivyo, fundi akiitii sentensi hiyo kama ilivyoandikwa ataiharibu sakafu yake. Matini ya asili ilimtaka aizuie sakafu isikauke kwa siku saba. Tafsiri imemwamuru kinyume chake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sakafu ya saruji inavyogeuka kutoka uji mzito hadi kuwa jiwe, jinsi unyevu wake unavyotoka, na jinsi unavyopimwa, ili tuweze kuonyesha ni istilahi zipi zinazofaa kutumika katika kila hatua. Mifano yetu tumeichukua Mpanda na mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulitengwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao yake makuu, na tangu hapo umehitaji ofisi, zahanati na madarasa mengi. Aidha, mwaka ni wa misimu miwili iliyo wazi: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi kuanzia Mei hadi Oktoba. Ni vigumu kupata mahali panapoonyesha vizuri zaidi kwamba "kukauka" ni neno la kuangaliwa kwa makini.

Jambo hili linawahusu pia watumishi wa serikali. Mwaka 2021 Serikali ilianza ujenzi wa madarasa 15,000 nchini kote, yaliyotakiwa yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mafundi wa mahali penyewe, wakisimamiwa na kamati na watumishi wa halmashauri. Katika utaratibu huo maelekezo ya Kiswahili ndiyo yanayofika kwa mtu mwenye mwiko mkononi. Yakikosewa, hakuna mhandisi wa karibu wa kuyasahihisha.

Sakafu, jamvi na tandiko

Neno "sakafu" tulilipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni paa au dari. Katika nyumba za mawe za pwani paa lilikuwa bapa: boriti za mikoko zikipangwa, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikashikamana. Paa la chumba cha chini likawa pa kukanyagia kwa aliye juu, na neno likahama pamoja na mtumiaji wake. Leo "sakafu" hutumika bara na pwani kwa kila pa kukanyagia palipotengenezwa kwa saruji, chokaa au mawe.

Upana huo wa maana unatosha kwa mazungumzo ya nyumbani, lakini kwa mkataba wa ujenzi hautoshi. Mafundi wenyewe wamekwisha kutenganisha. Juu ya kifusi kilichoshindiliwa humwagwa zege la kokoto, nao huliita "jamvi". Jamvi likiisha kushika na kukomaa, hupigwa juu yake tabaka la mchanga na saruji lenye unene wa sentimita tatu hadi tano au zaidi, likasawazishwa kwa mbao iliyonyooka na pimamaji, kisha likalainishwa kwa mwiko. Tabaka hilo ndilo Waingereza waliitalo "screed", na fundi wa Mpanda hulisemea kwa maneno mawili tu: "kupiga sakafu". Juu yake huweza kutandikwa vigae, mbao au zulia la plastiki.

Twaona basi kwamba vitu vitatu vinahitaji majina matatu, na mawili kati yake tayari yapo vinywani mwa watu. Kwa cha tatu twapendekeza "tandiko", kwa kuwa hutandikwa juu ya sakafu iliyokwisha kamilika. Kwa mujibu wa kanuni inayofuatwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, istilahi hutafutwa kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kwingine. Hapa hatuna sababu ya kwenda mbali.

Mambo matatu chini ya neno moja

Saruji ikichanganywa na maji hupitia mambo matatu.

La kwanza ni kushika. Katika saa chache za mwanzo uji wa saruji hupoteza ulaini wake, na mwiko hauwezi tena kuusogeza. Kushika hakutegemei jua wala upepo. Saruji hushika hata ikiwa ndani ya maji, na ndiyo sababu nguzo za madaraja huweza kujengwa mtoni.

La pili ni kukomaa. Hapa chembe za saruji huendelea kuungana na maji kwa njia ya kikemia, zikafanya fuwele na ute mgumu unaozibana punje za mchanga. Kazi hiyo huenda kasi katika siku saba za kwanza, ikaendelea kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida siku ya 28. Maji ni chakula cha kazi hiyo. Unyevu wa hewa iliyo ndani ya vinyweleo vya saruji ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, kukomaa karibu kusimame kabisa. Kila mkulima anajua kwamba ndizi iliyokatwa kabla ya kukomaa, hata ikifukiwa, haiwi kama iliyokomaa mgombani. Sakafu iliyonyimwa maji mapema ni vivyo hivyo: ukiimwagia wiki ya tatu hutairudishia nguvu yake yote.

La tatu ndilo kukauka, yaani kutoka kwa maji yaliyobaki bila kutumika. Hili linatakiwa litokee, lakini baada ya lile la pili.

Kiingereza huita kazi ya kuisaidia saruji ikomae "curing". Hapo ndipo mfasiri anapojikwaa, na katika Katavi sababu yake yaonekana wazi. Mkoa huo, pamoja na jirani yake Tabora, hulima tumbaku. Majani ya tumbaku huchumwa, yakatungwa, yakatiwa ndani ya bani na kupashwa moto mpaka yabadilike rangi na kukauka. Kiingereza hutumia neno hilo hilo "curing" kwa kazi ya bani, na sisi twasema "kukausha tumbaku", wala hatukosei. Neno hilo hilo hutumika kwa samaki anayefanywa ng'onda, na kwa mgonjwa anayeponywa. Mfasiri aliyezoea tumbaku akikutana nalo katika kitabu cha ujenzi huandika "kukausha" bila kusita. Neno ni moja huko lilikotoka, lakini kazi ni mbili zinazopingana: bani huondoa maji, na fundi wa sakafu huyahifadhi.

Wengine, kwa kuliona kosa hilo, wameandika "kumwagilia". Neno hili ni la mafundi, nalo lina manufaa, ila ni jembamba. Sakafu huweza pia kufunikwa kwa magunia mabichi, kwa mchanga uliolowa, au kwa nailoni isiyopitisha mvuke, na katika njia hii ya mwisho hapana haja ya kumwagilia kila siku. Kwa hiyo twapendekeza "kukomaza" kwa kazi yote, na "kumwagilia" libaki kuwa jina la njia mojawapo. Sentensi tuliyoanza nayo itasomeka hivi: "Sakafu ikishamwagwa ikomazwe kwa siku saba, isiachwe ikauke."

Maji yatokayo na namna yatokavyo

Yafaa tuone kwa hesabu ni maji kiasi gani yanayohusika. Saruji huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake ili iungane nayo kikemia. Mfuko wa kilo 50 hufunga lita 12 hivi. Lakini kwa lita 12 mchanganyiko haungeweza kutandazwa, kwa hiyo fundi hutia lita 25 au zaidi, pamoja na yale yaliyomo tayari mchangani. Chukua sakafu ya darasa la mita 7 kwa 8, yenye unene wa sentimita 5, iliyochanganywa kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga nne. Itatumia mifuko 20 hivi na lita 500 za maji. Nusu yake itakuwa jiwe. Lita 250 zilizobaki, yaani zaidi ya pipa moja kubwa, zimo ndani ya sakafu, na sehemu kubwa yake haina njia ya kutokea isipokuwa uso wa juu.

Mwanzoni maji husafiri yakiwa maji, yakivutwa kupitia vinyweleo mpaka usoni, ambako hewa huyachukua. Kipindi hiki huenda upesi. Baadaye njia hizo za maji hukatika, na kilichobaki hutoka kikiwa mvuke, polepole, kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo sababu unene ukizidi, muda huongezeka kuliko unene wenyewe. Kanuni itumikayo Uingereza ni siku moja kwa kila milimita moja hadi milimita 50, na zaidi ya hapo kila milimita hudai muda mrefu zaidi. Siku hizo huhesabiwa baada ya kukomaza kumalizika, na kwa sharti kwamba hewa ni kavu kiasi. Sakafu ya sentimita 5 huhitaji basi siku 50, karibu miezi miwili ukijumlisha siku za kukomaza.

Kutokana na mwendo huo, uso huwa mkavu wakati tumbo lingali bichi. Mtu akitandika zulia la plastiki wakati huo, ameziba mlango pekee. Unyevu uliokuwa chini hupanda na kusambaa sawasawa mpaka ukafika chini ya tandiko, ukachukua pamoja nao ukali wa chokaa uliomo katika saruji. Gundi hulainika, vigae huachia, zulia hufanya malengelenge, na mbao huvimba.

Misimu ya Mpanda

Hewa huweza kubeba mvuke kwa kadiri ya joto lake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za sentigredi hubeba gramu 17 hivi kwa ukomo. Yenye nyuzi 30 hubeba gramu 30. Sehemu ya mvuke iliyomo kweli, ikilinganishwa na ukomo huo katika joto lile lile, ndiyo iitwayo kiwango cha unyevuanga, nayo hutajwa kwa asilimia.

Wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba, hewa ya Mpanda ni kavu na upepo huvuma. Kwa fundi asiyekomaza, hatari ya majira hayo ni kasi. Uso hukauka kabla ya kukomaa, ukawa na nyufa nyembamba, ukatoa vumbi kila unapofagiwa. Pembe za sakafu hujikunja juu na ukigonga husikia mlio wa uwazi chini yake. Saruji inayofika Mpanda imesafiri mamia ya kilomita, kwa kuwa mkoa hauna kiwanda chake. Ni hasara kuipoteza kwa kukosa magunia machache na ndoo za maji.

Mwezi Januari hatari ni nyingine. Kukomaa hakuna shida, lakini kukauka hupungua sana. Sakafu haiwezi kuwa kavu kuliko hewa inayoizunguka. Hewa ikidumu na unyevuanga wa asilimia 80 usiku na mchana, basi hata ukingoje miezi mitatu sakafu haitashuka chini ya hapo. Zaidi ya hayo, kama nailoni haikutandikwa chini ya jamvi wakati wa msingi, ardhi iliyolowa hulisha sakafu kutoka chini. Unyevu wa ujenzi una mwisho. Unyevu wa ardhi hurudi kila masika. Mwandishi wa taarifa ya ukaguzi anayeandika tu "sakafu ina unyevu" hajamweleza mwenye jengo kama angoje au avunje.

Namna za kupima

Kwa mkono na jicho hupati jibu. Rangi ya kijivu iliyopauka hutuambia habari za uso peke yake. Njia zinazotumika ni hizi:

(a) Nailoni. Kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 hubandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, kikaachwa kwa saa 16 au zaidi. Matone yakionekana ndani yake, au saruji ikiwa imegeuka nyeusi, unyevu ungali unatoka. Njia hii haina gharama, nayo yafaa kila halmashauri. Hata hivyo haitoi kiasi, na matone yasipoonekana hilo si uthibitisho kwamba tumbo la sakafu ni kavu.

(b) Tanuri. Kipande huchimbuliwa kwa tindo na nyundo katika unene wote wa sakafu. Keekee ya umeme haifai kwa sababu joto lake hufukuza maji. Hupimwa uzito, kikaokwa kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, kikapimwa mara ya pili. Kikiwa gramu 520 kabla na 500 baada, maji ni gramu 20, nayo ni asilimia 4 ya uzito mkavu.

(c) Chupa ya kabaidi. Sampuli iliyosagwa huwekwa katika chupa ya chuma pamoja na kalisi kabaidi na golori za chuma, ikafungwa na kutikiswa. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, ile iliyowaka katika taa za wachimba migodi wa zamani. Maji yakizidi, gesi huzidi, na kanieneo husomwa kwenye geji. Kipimo hukamilika mahali pa kazi kwa muda wa dakika kumi hivi. Ujerumani, ambako njia hii ni ya kawaida, sakafu ya saruji huruhusiwa kutandikwa ikifika asilimia 2.

(d) Kisanduku cha unyevuanga. Kisanduku kisichopitisha hewa hubandikwa sakafuni kikiwa na kipimaunyevu ndani yake. Baada ya siku tatu au zaidi hewa iliyomo huwa imelingana na sakafu. Uingereza hutaka kipimo kisizidi asilimia 75 kabla ya kutandika zulia la plastiki, na kishuke zaidi kwa mbao. Marekani hutoboa tundu na kupima ndani, kwa kina cha asilimia 40 ya unene, kama zege linakaukia upande mmoja tu. Kwa jamvi la sentimita 10 ni kina cha sentimita 4.

(e) Vipimio vya umeme. Hivi husoma jinsi umeme unavyopita katika sakafu. Hufaa kutafuta mahali palipo pabichi zaidi, ila chumvi iliyomo huvidanganya, kwa hiyo namba yake isichukuliwe kuwa kiasi cha maji.

Asilimia ya kitu gani?

Msomaji atakuwa ameona kwamba tumetaja asilimia 4, asilimia 2 na asilimia 75, na kwamba sakafu moja yaweza kukaribia kuwa na zote tatu kwa siku moja. Namba ya tanuri ni sehemu ya uzito mkavu. Namba ya chupa ni ya njia ya kabaidi tu, nayo kwa saruji huwa ndogo kuliko ya tanuri kwa takriban moja na nusu katika mia, kwa kuwa kabaidi haiyafikii maji yote. Namba ya kisanduku haihusu uzito kamwe. Ni hali ya hewa iliyolingana na sakafu.

Watumishi wengi wa kilimo wanavijua vipimaunyevu vya mahindi, na wanajua kwamba mahindi ya ghalani hayapaswi kuzidi asilimia 13.5. Hiyo nayo ni asilimia ya namna nyingine, kwa kuwa huhesabiwa juu ya uzito wa nafaka pamoja na maji yake. Mtu mwenye namba hiyo kichwani akisoma katika tafsiri kwamba "unyevu wa sakafu usizidi asilimia 75", atadhani kwamba robo tatu ya sakafu yaruhusiwa kuwa maji. Akisoma mahali pengine "usizidi asilimia 2", atadhani vitabu vinapingana, na atachagua kinachompendeza. Kosa si lake. Mfasiri ameandika neno "unyevu" kwa vitu vitatu.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Jamvi: tabaka la zege lililomwagwa juu ya kifusi.
2. Sakafu: tabaka la mchanga na saruji lililopigwa juu ya jamvi.
3. Tandiko: vigae, mbao au zulia linalowekwa juu ya sakafu.
4. Kushika: kupoteza ulaini kwa saruji katika saa za mwanzo.
5. Kukomaa: kuongezeka nguvu kwa saruji kwa kuungana na maji.
6. Kukomaza: kuhifadhi maji ndani ya saruji ili ikomae.
7. Kukauka: kutoka kwa maji ambayo saruji haikuyafunga.
8. Unyevu wa ujenzi: maji yaliyobaki kutokana na kuchanganya na kumwagilia.
9. Unyevu wa ardhi: maji yapandayo kutoka chini ya jengo.
10. Kiasi cha maji: uzito wa maji kwa mia ya uzito mkavu, kama upimwavyo kwa tanuri.
11. Kipimo cha kabaidi: namba isomwayo kwa chupa ya kabaidi, jina la njia litajwe daima.
12. Unyevuanga wa sakafu: kiwango cha unyevu wa hewa iliyolingana na sakafu.

Tamati

Karibu maneno yote tuliyoyapendekeza ni ya zamani. Mengine yametoka kwa waashi, mengine kwa wakulima. Kilichokosekana ni mipaka baina yao. Twawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu darasani, na mafundi wa Mpanda na kwingineko watueleze yanapowagomea. Kwa wafasiri tuna ombi moja la haraka, lisilohitaji kungoja kikao cha usanifishaji: kila wanapokutana na neno "kukausha" katika maelekezo ya saruji, wajiulize kwanza kama fundi anatakiwa kuyaondoa maji au kuyahifadhi, ndipo waandike.